Ndege ya fibaglasi: Moto huzuiwa karakanani, si angani

KATIKA vitongoji vya miji ya Marekani zipo gereji ambazo gari hulala nje. Ndani yake kuna bawa lililolazwa juu ya meza ndefu, ndoo za resini, robota za kitambaa cha nyuzi za kioo na mwenye nyumba anayejijengea ndege baada ya saa za kazi.

Huko si jambo la ajabu. Chama cha wajenzi wa ndege za binafsi, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, na kila mwaka ifikapo Julai maelfu ya wapenzi wa kazi hiyo hukusanyika katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Sheria ya nchi hiyo inamruhusu mtu kujenga ndege kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, mradi zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na wajenzi wa aina hiyo na si kiwanda.

Ruhusa hiyo ina upande wa pili. Ndege ya kiwandani hulazimika kupita vipimo vingi vya usalama kabla ya kuuzwa, vikiwamo vya moto. Ndege ya kujengwa nyumbani hailazimiki kutimiza vipimo hivyo. Badala yake hubandikwa ndani yake tangazo linalomweleza abiria kwamba chombo anachopanda hakikujengwa kwa kufuata kanuni za usalama za ndege za kawaida.

Kwa lugha ya uchumi, uamuzi wa kiasi gani kitumike kuzuia moto umeachwa mikononi mwa mjenzi. Yeye ndiye anayelipia vifaa na kubeba uzito wake. Lakini moto ukitokea, gharama haimwangukii yeye peke yake. Inamwangukia pia abiria aliyesoma tangazo lile bila kulielewa, pamoja na familia inayolala chumba kilichopakana na gereji.

Povu, kitambaa na gundi

Aliyeipa kazi hii umaarufu ni mhandisi Burt Rutan wa Mojave, California. Ndege yake ya VariEze iliruka mara ya kwanza mwaka 1975, ikafuatiwa na Long-EZ mwaka 1979. Rutan hakuuza ndege. Aliuza michoro na maelekezo, na wanunuzi wakajijengea wenyewe hadi alipoacha kuuza michoro hiyo mwaka 1985. Long-EZ nyingi zinaendelea kuruka hadi leo.

Njia yake ilikuwa rahisi kueleweka. Bonge la povu gumu hukatwa kwa waya wa moto kupata umbo la bawa. Juu yake hulazwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Gundi ikikauka, kunapatikana bawa jepesi, imara na laini lisilo na ribiti hata moja. Hakuna haja ya mashine za kukunja bati wala ya mabwana wa kuchomelea.

Long-EZ tupu ina uzito wa kilo 322 hivi, lakini matangi yake hubeba lita 197 za petroli, pungufu kidogo ya pipa moja la lita 200. Mafuta hayo yako pembeni mwa kiti cha nyuma, kwenye mizizi ya mabawa. Kwa maneno mengine, watu wawili wamekaa ndani ya chombo cha plastiki na povu, pipa la petroli likiwa ubavuni na injini ya moto ikiwa mgongoni.

Hilo halimaanishi kwamba ndege ya fibaglasi ni kiberiti kinachoruka. Injini za kawaida, petroli na umeme hupatikana pia katika ndege za bati la aluminiamu, na aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Sentigredi. Tofauti iko katika namna kila kitu kinavyopokea joto, na hapo ndipo mjenzi anapotakiwa kuelewa vizuri anachokishika mikononi.

Joto huua kabla ya mwali

Epoksi inayokaushwa kwa joto la kawaida la chumba huanza kulegea ikifika kati ya nyuzijoto 60 na 90, kutegemea aina yake na jinsi ilivyokaushwa. Haihitaji kuwaka ndipo ipoteze nguvu. Povu la polistirini lililo ndani ya bawa nalo hulainika linapokaribia nyuzijoto 100.

Ndiyo maana ndege za aina hii karibu zote hupakwa rangi nyeupe. Si mapambo. Bawa lenye rangi nyeusi likiachwa juani mchana linaweza kupata joto la kutosha kulegeza gundi bila kuwapo moto wowote. Anayepeleka ndege kama hiyo Dodoma au Garissa ana sababu kubwa zaidi ya kulizingatia hilo kuliko mwenzake wa Wisconsin.

Ikifika hatua ya kuwaka, nyuzi za kioo zenyewe haziungui. Kinachoungua ni resini na povu, na moshi wake ni mzito. Povu la yurethani ni baya zaidi kwa sababu moshi wake una sumu ya sianidi. Kutokana na hilo, wajenzi wana amri isiyo na msamaha: waya wa moto ni wa kukatia polistirini tu. Yurethani hukatwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa.

Nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na ngumu kuliko za kioo, zina hatari yake. Vumbi lake hupitisha umeme, hivyo likiingia ndani ya mashine ya kusugulia au kwenye soketi linaweza kusababisha shoti. Na ndege ya kaboni ikiungua, vipande vyembamba vya nyuzi hupeperuka hewani na kuwadhuru waokoaji wasiovaa barakoa.

Moto wa kwanza ni wa karakanani

Ndege hujengwa kwa miaka. Katika muda wote huo haina petroli wala injini inayozunguka, lakini vitu vinavyoweza kuwaka vipo tele.

Cha kwanza ni gundi yenyewe. Epoksi ikichanganywa na kigumishi hutoa joto. Ikiwa imepakwa juu ya kitambaa, joto hilo hupotea hewani. Ikiwa imejaa kwenye kopo, haina pa kwenda; mchanganyiko huzidi kupata moto, hukauka kwa kasi, huchemka na kutoa moshi, na unaweza kuyeyusha kopo la plastiki na kuunguza kilicho chini yake. Dawa yake ni kuchanganya kidogo kidogo na kumwaga upesi kwenye trei pana. Mabaki yasitupwe kwenye pipa la taka lenye karatasi na vumbi la msasa. Yaachwe nje, juu ya sakafu ya saruji, mpaka yapoe kabisa.

Mahali penye joto kazi hiyo huhitaji uangalifu zaidi. Kwa makadirio ya mafundi, kila joto linapoongezeka nyuzijoto 10, kasi ya gundi kukauka huongezeka karibu maradufu. Kiasi ambacho fundi wa nchi ya baridi hukifanyia kazi bila haraka kinaweza kuanza kufuka moshi mikononi mwa fundi wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari.

Kwa upande mwingine, katika nchi za baridi hatari hutokana na kutafuta joto. Wajenzi hufunika bawa kwa turubai na kuweka hita au taa ndani usiku kucha ili gundi ikauke. Hita iliyoachwa bila mtu, chini ya turubai, karibu na povu, ni mwaliko wa moto.

Cha pili ni resini za polyesta na vinili esta, ambazo hutumika zaidi kwenye boti lakini zimo pia katika baadhi ya ndege. Hizi hukaushwa kwa kichocheo kinachofahamika kwa herufi MEKP, na nyingi zina kiongeza kasi cha kobalti. Kila kimoja huchanganywa na resini kwa wakati wake. Kichocheo na kobalti vikikutana vyenyewe bila resini huweza kulipuka. Makopo yake hayapaswi kukaa rafu moja, na kipimio cha kimoja kisitumike kwa kingine.

Cha tatu ni asetoni na tina za kusafishia brashi. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana mpaka ukutane na cheche. Huko Marekani cheche hiyo mara nyingi ni mwali mdogo wa mtambo wa gesi wa kuchemshia maji uliowekwa gerejini. Kwetu inaweza kuwa jiko la mkaa la mama lishe aliye mlangoni au mtu anayechomelea geti upande wa pili.

Ukuta unaosubirisha kifo

Injini ikishafungwa, kati yake na watu huwekwa ukuta wa moto. Kanuni za ndege za kiwandani zinaeleza maana yake kwa vipimo. Kitu kinachoitwa kizuia moto kamili kinatakiwa kihimili mwali wa nyuzijoto zipatazo 1,100 kwa dakika 15. Kinachoitwa kistahimilivu kinatakiwa kihimili dakika tano.

Dakika hizo zina maana. Ndege iliyo mita 1,500 juu ya ardhi ikishuka mita 300 kila dakika inahitaji dakika tano kufika chini, na bado rubani atafute mahali pa kutua. Ukuta wa moto hauzimi chochote. Kazi yake ni kununua muda.

Kwa ndege hizo za kiwandani, bati la chuma kisichoshika kutu lenye unene wa milimita 0.38 hukubaliwa kuwa ukuta wa moto bila kupimwa upya. Aluminiamu haitoshi, kwa kuwa huyeyuka kwa joto ambalo ni zaidi kidogo ya nusu ya lile la mwali wa kipimo.

Katika ndege ya fibaglasi bati peke yake halimalizi kazi. Chuma hakiyeyuki upesi, lakini hubadilika kuwa chekundu na kupitisha joto nyuma yake, ambako kuna plaiwudi, povu na epoksi inayolegea kwenye nyuzijoto 60. Kwa hiyo kati ya bati na mwili wa ndege huwekwa blanketi jembamba la nyuzi za kauri.

Makosa mengi hutokea kwenye matundu. Ukuta hutobolewa kupitisha nyaya, kebo za kuongozea injini, mpira wa mafuta na hewa ya joto ya kupashia chumba cha rubani. Tundu lililozibwa kwa mpira wa kawaida au plastiki hufunguka katika sekunde chache na mwali ukapita. Kiziba hewa cha aluminiamu nacho huyeyuka na kuacha dirisha wazi. Matundu yanatakiwa yawe machache, yawe na vishikizo vya chuma, na yajazwe kiziba maalumu cha kuhimili moto.

Vifuniko vya injini, ambavyo navyo ni vya fibaglasi, huwekewa karatasi ya kuakisi joto mahali vinapokaribiana na ekzosi. Mipira ya mafuta na oili iliyo upande wa injini huvalishwa soksi nene ya nyuzi za kioo na silikoni. Viunganishi vyake viwe vya chuma, si vya aluminiamu.

Long-EZ injini yake iko nyuma na husukuma. Upande mmoja hiyo ni nafuu, kwani upepo hupeleka mwali nyuma mbali na watu. Upande mwingine ni hasara, kwani rubani haoni injini yake ikianza kuungua. Kipima joto ndani ya chumba cha injini, chenye taa ya kumwonya rubani, ni macho ya ziada yasiyo na gharama kubwa.

Petroli na cheche isiyoonekana

Tangi la fibaglasi hujengwa kama sehemu ya bawa. Likivuja, huvuja ndani ya ndege. Kabla ya kulifunga moja kwa moja, mjenzi makini huziba mdomo wa tangi, huingiza hewa kidogo sana, hupaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote na kutafuta mapovu. Zoezi hilo huchukua saa chache. Kutafuta tundu baada ya ndege kupakwa rangi huchukua wiki.

Hatari nyingine hutokea wakati wa kujaza mafuta. Petroli ikitiririka huzalisha umeme tuli. Ndege ya bati hufungwa waya mmoja na umeme huo ukaishia ardhini. Fibaglasi haipitishi umeme, hivyo mfuniko wa chuma wa tangi unaweza kubaki kama kisiwa chenye chaji, ukisubiri mdomo wa pampu uusogelee ili urushe cheche. Wajenzi wanaofahamu hilo huunganisha shingo ya tangi kwa waya hadi sehemu ya chuma inayoweza kufungwa waya wa ardhini.

Dumu la plastiki huongeza tatizo. Kumimina petroli kutoka kwenye dumu la plastiki kwenda kwenye tangi la plastiki, wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu, ni kukutanisha vitu viwili visivyo na njia ya kumwaga chaji.

Spiriti ya mahindi tangini

Hapa kilimo kinaingia ndani ya ndege. Petroli ya magari nchini Marekani kwa kawaida huchanganywa na asilimia 10 ya ethanoli, ambayo huko hutokana na mahindi. Brazil huchanganya zaidi ya robo, nyingi ikitokana na miwa. Kenya nayo iliwahi kuchanganya spiriti ya miwa katika petroli miaka ya 1980.

Kwa mkulima, mchanganyiko huo ni soko. Kwa mwenye ndege ya fibaglasi unaweza kuwa hasara. Ethanoli hulainisha baadhi ya resini na mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli ya ndege. Tangi lililodumu miaka mingi linaweza kuanza kubanduka ndani, vipande vikaziba chujio, au viungo vikavuja. Ethanoli pia huvuta maji.

Injini nyingi ndogo za kisasa zimeruhusiwa kutumia petroli ya magari, nayo ni rahisi kuliko ya ndege. Lakini ruhusa ya mtengenezaji wa injini haihusu tangi. Swali la kumuuliza muuza resini ni moja: je, gundi hii inahimili ethanoli, na kwa kiwango gani?

Breki zinazochoma miguu

Moto wa aina nyingine huanzia chini kabisa. Gurudumu la mbele la Long-EZ halina usukani, huzunguka lenyewe. Rubani akiwa ardhini hugeuza ndege kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. Akienda mwendo mrefu huku upepo ukipiga ubavuni, breki moja hufanya kazi muda wote na diski yake hupata moto sana.

Diski hiyo iko sentimita chache kutoka kwenye mguu wa ndege, ambao ni wa fibaglasi, na karibu na kibomba cha nailoni chenye mafuta ya breki. Mguu ukipata joto hulegea na kupinda. Kibomba kikiyeyuka, mafuta hudondokea kwenye diski ya moto na kuwaka.

Suluhisho lake ni la bei ya chini kuliko mengine yote. Kipande cha bati huwekwa kati ya diski na mguu, blanketi la kauri huzungushiwa mguu, na sehemu ya mwisho ya kibomba hubadilishwa kuwa ya chuma au ya mpira wenye nyuzi za chuma. Baada ya kutumia breki sana, ndege isipelekwe kuruka mara moja, ipoe kwanza.

Nyaya mbili badala ya moja

Katika gari au ndege ya bati, umeme hurudi kwenye betri kupitia mwili wa chombo. Ndege ya fibaglasi haina mwili unaopitisha umeme. Kila taa na kila redio inahitaji waya wa kwenda na wa kurudi. Nyaya zinakuwa nyingi, viungo vinakuwa vingi, na kiungo kilicholegea hupata joto.

Kanuni za fundi umeme wa nyumbani zinatumika hapa: unene wa waya ulingane na mzigo, fyuzi iwekwe karibu na chanzo cha umeme, na swichi kuu iwe mahali mkono unapofika bila kutafuta. Nyaya ziwe za aina ya ndege, ambazo ganda lake halishiki moto kirahisi. Ganda la waya wa kawaida likiungua ndani ya chumba kidogo humpofusha rubani kwa moshi.

Funzo la Monterey

Kuogopa moto nako kunaweza kuua, kama hakukupimwa. Oktoba 12, 1997, mwanamuziki wa Marekani John Denver alifariki dunia baada ya Long-EZ aliyokuwa akiirusha kuanguka kwenye maji ya Ghuba ya Monterey, California. Hakuwa ameijenga yeye. Aliinunua ikiwa imeshatumika.

Katika michoro ya Rutan, valvu ya kubadilisha tangi iko mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege hiyo aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani, ili mabomba ya mafuta yasipite katika chumba cha rubani. Nia ilikuwa njema. Lakini ili kuifikia, rubani alilazimika kugeuza mwili mzima. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, NTSB, walihitimisha kwamba mahali pa valvu hiyo palichangia ajali: ndege ilipopungukiwa mafuta kwenye tangi moja, rubani aligeuka kuishika valvu na akapoteza udhibiti wa ndege.

Somo kwa mjenzi ni kwamba kila badiliko la kukwepa moto lina bei mahali pengine. Kabla ya kubadili mchoro, aketi kwenye kiti, afunge mkanda, kisha ajaribu kufika kila kifaa cha dharura kwa mkono mmoja huku macho yakitazama mbele.

Mtungi upi?

Karakanani, mtungi wa unga au wa gesi ya kaboni dioksidi unafaa. Uwekwe karibu na mlango na si nyuma ya bawa, ili anayeukimbilia awe anaelekea njia ya kutokea. Maji hayafai kwa petroli, kwani huelea juu ya maji na kusambaa.

Ndani ya ndege mtungi wa unga haufai. Ukifyatuliwa kwenye chumba kidogo rubani haoni kitu, na unga huo hula vyuma. Kwa miaka mingi marubani walitumia gesi ya haloni, lakini uzalishaji wake katika nchi zilizoendelea ulisimamishwa mwaka 1994 chini ya Mkataba wa Montreal kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni. Leo kuna gesi mbadala zinazozima bila kuacha unga.

Hata hivyo, mtungi wa mkononi hauwezi kuzima moto ulio upande wa pili wa ukuta. Huo huzimwa kwa kunyimwa mafuta. Rubani hufunga valvu, hufunga hewa ya joto, huzima umeme na kushuka. Mavazi nayo huhesabika: pamba na sufu haziyeyuki, nailoni huyeyuka na kuganda mwilini.

Hesabu ya kilo moja na nusu

Sababu inayotolewa sana ya kuacha vifaa hivi ni uzito. Hoja hiyo inapimika. Bati la chuma la milimita 0.38 lenye ukubwa wa nusu mita ya mraba lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa gramu 720 hivi. Anayeacha bati hilo anaokoa uzito wa lita mbili za mafuta katika ndege inayobeba lita 197.

Upande wa fedha nao hauna utata. Bati, blanketi, soksi za mipira na viziba ni sehemu ndogo sana ya gharama ya ndege, ambayo fungu lake kubwa huenda kwenye injini, vyombo na resini. Vikiwekwa wakati wa ujenzi ni kazi ya siku chache. Vikiongezwa baadaye, injini lazima ishushwe, nyaya zikatwe na matundu yachimbwe upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa ukuta wenyewe ni rahisi kuujenga kabla ya ufa.

Kuna na mtaji uliolala. Mjenzi huweka akiba yake na saa zaidi ya 1,000 za jasho ndani ya gereji kabla ndege haijamletea faida yoyote. Kopo moja la gundi lililoachwa likichemka linaweza kuondoka na vyote hivyo usiku mmoja, pamoja na nyumba. Kabla ya kuanza, ni busara kumwuliza wakala wa bima kwa maandishi kama bima ya nyumba inalipa moto uliosababishwa na kazi ya resini.

Kwa Afrika Mashariki

Wajenzi wa ndege ni wachache katika ukanda huu, na anayetaka kujaribu hana budi kuanza na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, kama vile TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, kabla ya kununua hata kopo la kwanza la resini.

Lakini kazi yenyewe si ngeni. Resini zilezile, asetoni ileile na kichocheo kilekile hutumika kila siku na mafundi wa boti za uvuvi za fibaglasi, matangi na miili ya magari katika pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Droni za kunyunyizia dawa mashambani, ambazo nyingi zina fremu za nyuzi za kaboni, zimeleta na betri za lithiamu ambazo zikiharibika huwaka kwa nguvu na ni vigumu kuzimwa. Zichajiwe mbali na ghala la mbolea na mafuta, na mtu awepo.

Kwa mwenye karakana ya namna hiyo, hatua za kuanza nazo hazihitaji mkopo. Atenganishe kichocheo na kobalti leo. Achanganye gundi kidogo kidogo na kumwaga mabaki nje. Azuie jiko na mashine ya kuchomelea zisikaribie asetoni. Anunue mtungi, autundike mlangoni na awafundishe vibarua kuutumia. Mwisho, kila jioni kabla ya kufunga mlango, apitishe mkono juu ya kila kopo lililobaki na gundi. Lililo na joto lisilale ndani.